Barua ya wazi kwa wakubwa wa Haut-Katanga na Lubumbashi: wazazi wa watoto wadogo wanangoja msaada

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga,
Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Jimbo,
Kwa Meya wa Jiji la Lubumbashi pamoja na Waburugumesta, wakuu wa komini zake zote,

Yambo kwenu nyote.

Katiba ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ile ya tarehe 18 Februari 2006, inasema katika kifungu cha 40 kwamba kutunza na kuelimisha watoto ni haki ya asili ya wazazi na tena ni wajibu wao, na kwamba wanautimiza chini ya mamlaka ya serikali na kwa msaada wake. Hapa Lubumbashi mzazi wa mtoto mdogo anakutana na mamlaka kila kona. Msaada ndio anautafuta asiuone.

Mimi ni mama, ni nkambo, yaani bibi mwenye wajukuu, na ni mmoja wa wajumbe wa afya wa mtaani, wale mnaotuita relais. Tunapita nyumba kwa nyumba hapa komini ya Katuba. Tunawakumbusha wazazi chanjo, tunapima mkono wa mtoto kwa ule utepe wa kijani, njano na nyekundu, tunamtafuta mama ambaye ameacha kuja kituoni. Mshahara hatuna. Ninayoyaandika nimeyaona milangoni mwa watu, na yote yanarudi kwenye jambo moja: mzazi anayeaibishwa anajificha, na mtoto wake anajificha naye. Mzazi anayetiwa moyo na kuonyeshwa njia anafanya mengi, hata akiwa maskini.

Siku ya kupima watoto kwenye kituo kimoja cha afya cha huku kwetu inaanza mapema. Saa moja asubuhi akina mama wamekwisha kujaa barazani, watoto mgongoni ndani ya kikwembe, mkononi fishi, ile kadi ya kuandikia kilo za mtoto, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki isilowe. Muuguzi ni mmoja. Mtoto anavuliwa nguo, anavalishwa ile suruali ya kitambaa, ananing'inizwa kwenye mizani, analia, mshale unayumba, kilo inatangazwa kwa sauti ili anayeandika asikie. Mstari wa fishi ukipanda, mama anapita. Ukishuka ndipo inatoka ile sauti: «Weye mama, uyu mutoto unamulishaka nini?» Baraza zima linageuka kutazama.

Mama aliyeulizwa hivyo mbele yangu hakujibu kitu. Alimvisha mtoto kofia yake, akakaza kikwembe, akaondoka bila hata kungojea chanjo. Angeulizwa pembeni, kwa upole, angekuwa na mengi ya kusema. Mume wake alikwenda Kolwezi kuchimba, na pesa haijafika. Mtoto alihara wiki nzima. Na unga wa mahindi, ambao sisi wa Lubumbashi tunautegemea kutoka Zambia, ukizuiwa mpakani Kasumbalesa bei ya mfuko inapanda, na uji wa mtoto unakuwa maji. Hakuna aliyetaka kuyasikia hayo. Mwezi uliofuata hakuja. Nilipomfuata nyumbani alikuwa anachekecha unga, akaniambia bila kuinua kichwa: «Nilienda kupimisha mutoto, banisambisha miye.»

Waheshimiwa, ndiyo hivyo hasa. Alikwenda kutafuta msaada, akakuta hukumu. Uchunguzi wa MICS, ule wa kuuliza nyumba kwa nyumba hali ya watoto na akina mama, wa mwaka 2017-2018 ulikuta kwamba watoto 42 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano nchini kwetu wamedumaa. Baadhi yao ni watoto ambao mizani ingeweza kuwaona mapema, lau mama zao wasingeiogopa mizani yenyewe.

Muuguzi yule simtupii mzigo wote. Wauguzi wengi wa jimbo hili hawajamekanizwa, yaani hawajaingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Wanafanya kazi ya serikali kwa miaka bila mshahara wa serikali, wakigawana kile wagonjwa wanacholipa. Mtu aliyeamka na njaa yake mwenyewe, mbele yake foleni inayofika barabarani, uvumilivu wake unakwisha haraka. Lakini nimeona pia muuguzi mwingine, kwenye kituo kilekile, akifanya tofauti. Anamshika mtoto kwanza. Anamwambia mama: tazama anavyokufuata kwa macho, amekuzoea sauti, hiyo kazi ni yako. Halafu anauliza nyumbani kuna nini. Kama kuna karanga, anaeleza namna ya kuzitwanga ziingie kwenye uji. Kama kuna kapenta, wale samaki wadogo wakavu, hivyo hivyo. Anamwonyesha kijiko cha mafuta ya mawese kinavyotosha. Mama huyo anarudi mwezi unaofuata, tena anakuja na jirani yake. Mazungumzo kama hayo hayaongezi hata franka moja kwenye bei ya dawa. Yanataka muda, yanataka mtu wa pili mezani, na yanataka sehemu yenye pazia ambapo mama anaweza kusema ukweli wa nyumba yake.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi ya watoto wadogo. Wanasema mtoto anahitaji mambo matano yaende pamoja: afya, chakula cha kutosha, mtu anayemwitikia, usalama, na nafasi ya kujifunza tangu akiwa mchanga. Vituo vyetu vinahangaika na hayo mawili ya kwanza, na hata hayo kwa shida. Hilo la tatu, mtu anayemwitikia mtoto, halina mizani wala sindano, kwa hiyo hakuna anayelizungumza. Mama mwenye mtoto wa miezi miwili hajaambiwa kwamba akimsemesha anaponyonya, mtoto anajifunza. Hajaambiwa kwamba kifuniko cha sufuria na kikombe cha plastiki ni vitu vya kuchezea vinavyotosha. Wengi wanafanya hayo bila kuambiwa, nkambo zao waliwaimbia nao wanawaimbia watoto wao. Lakini wanadhani ni upuuzi wa nyumbani tu, kwamba malezi ya kweli yako kwa wenye pesa na materneli, shule za watoto wadogo, za mjini. Inaniuma sana kusikia mama mwenye mtoto mchangamfu, anayecheka, aliyenona, akiniambia: «Miye sijue kitu.» Anajua. Hakuna mwenye kazi hiyo aliyewahi kumwambia.

Na baba je? Kijana mmoja wa taxi-moto, pikipiki ya kubeba abiria, wa mtaani kwetu alimleta binti yake kupimwa kwa sababu mkewe alikuwa mgonjwa. Alimbeba kifuani, fishi ndani ya jaketi. Aliulizwa mama wa mtoto yuko wapi, akaambiwa akamlete. Alisimama kidogo mlangoni, kisha akawasha pikipiki yake akarudi nyumbani. Tunalalamika kwamba wanaume wa Lubumbashi hawajali watoto wadogo, na yule mmoja aliyejali tumemfukuza. Fungueni kipimo Jumamosi mara moja kwa mwezi, mtawaona akina baba. Mchana wa katikati ya wiki wako kazini.

Wazee wa jiji hili wanakumbuka kambi za kampuni ya madini ya Union Minière, zilizokuja kuwa za Gécamines. Mfanyakazi alipata posho, mkewe alikwenda foyer social, nyumba ya mafunzo ya wanawake, kujifunza kushona na kupika, mtoto alipimwa na kutibiwa kwenye hospitali ya kampuni, akasoma shule ya kampuni. Sisemi turudishe mambo yale. Kampuni iliingia mpaka jikoni, ikaamua mwanamke safi ni yupi, ikawatendea nkambo zetu kama watu wasiojua kulea, wao ambao walikuwa wamelelewa vizuri vijijini kwao bila mzungu kuwapimia maziwa. Hata hivyo mzazi alijua mlango wa kubisha. Kampuni ilipoanguka katika miaka ya 1990, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipoondolewa kati ya 2003 na 2004 kwa ile tuliyoiita départ volontaire, kuondoka kwa hiari, mlango huo ulifungwa. Serikali haikufungua wa kwake. Hawa tunaowapima leo kwenye komini za Katuba, Kenya na Ruashi ni wajukuu wa watu wale.

Sasa nawaomba mfanye jambo moja. Nendeni Soko la Kenya, la hapa jijini, saa nne asubuhi, bila msafara, bila kamera. Piteni kwa wauza kapenta na wauza sombe, yale majani ya muhogo, halafu muiname mtazame chini ya meza. Mtakuta watoto. Mmoja amelala ndani ya katoni la sabuni, nzi usoni. Mwingine wa miezi minane au tisa, ambaye ameanza kutambaa, amefungwa kiunoni kwa kipande cha kikwembe, na kikwembe kimefungwa kwenye mguu wa meza asije akatambaa hadi barabarani. Mtu mwingine anaweza kuita hayo mateso. Mimi naona mama anayezuia mtoto wake asigongwe na gari, kwa kitu pekee alicho nacho. Anauza, anarudisha chenji, anageuka, anamtia mtoto kijiko mdomoni, anageuka tena.

Kila siku mtoza ushuru anapita kwenye meza hiyo na tikiti zake. Anamwona mtoto, anachukua pesa, anaendelea. Kutoka kwenye ushuru huo wa kila siku, unaolipwa na akina mama hao wenyewe, nataka chumba kimoja ndani ya soko: paa, mikeka, maji, choo, na wanawake wenye uzoefu waliofundishwa na wanaolipwa. Mama anamwacha mtoto pale, anakuja kunyonyesha, anarudi mezani. Anzeni na Soko la Kenya peke yake, mwone kama halitajaa siku ya kwanza.

Kwa mama aliyeajiriwa sheria iko tayari. Sheria ya kazi ya 2002 inampa likizo ya uzazi ya wiki 14, na akirudi kazini anapewa nusu saa mara mbili kwa siku ya kunyonyesha. Ulizeni wasichana wanaouza kwenye maduka ya katikati ya jiji ni nani kati yao amewahi kuiona hiyo nusu saa. Wakaguzi wa kazi wapo, wapeni amri ya kulifuatilia.

Kuandikisha mtoto pia. Mzazi ana siku 90 za kuandikisha kuzaliwa kwa mtoto wake bila malipo, lakini ule uchunguzi wa MICS ulikuta kwamba watoto 40 tu kati ya 100 walio chini ya miaka mitano ndio walioandikishwa. Wekeni karani wa komini kwenye kila nyumba ya uzazi kubwa, hata kwa siku mbili za wiki. Mama atatoka na mtoto pamoja na karatasi yake, hatalazimika kuanza kutafuta mtu wa kumpa «ya kahawa», yaani hongo.

Kuna jambo ambalo ni zito zaidi kulisema, na nitalisema. Baadhi ya watoto wetu wanazaliwa na kasoro mwilini. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha uchunguzi uliofanywa hapahapa jijini, na walikuta kwamba hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo baba anafanya kazi zinazohusiana na madini. Hiyo ni habari ambayo kila mzazi wa jiji hili angepaswa kuijua kutoka kwenu, kwa maneno mepesi, kwenye redio, kwenye kituo cha afya. Angeambiwa pia kwamba nguo za kazini na vumbi lake visiingie ndani anapolala mtoto. Badala yake anaachwa peke yake na majirani. Mama anaulizwa alikula nini alipokuwa na mimba, alimkosea nani, alilala wapi. Anapelekwa kwenye chumba cha maombi, na huko siku nyingine mtoto mwenyewe anaitwa mchawi. Kifungu cha 41 cha Katiba kinakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inaadhibu tendo hilo. Nimeingia kwenye nyumba kama hizo. Mzazi wa namna hiyo hana ubaya, ana hofu, na yeyote aliyemfikia wa kwanza akiwa na jibu, mzazi amemfuata huyo. Mngefika ninyi kwanza!

Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, na kwa hilo wazazi wanashukuru kwa moyo wote. Lakini mtoto wa miaka mitatu, minne na mitano amebaki nje ya hesabu. Materneli nyingi za jiji hili ni za kulipa, na familia ya Katuba yenye watoto watano haiwezi hata kuota. Simwombi Gavana ajenge majumba. Shule nyingi za msingi, parokia nyingi, zina ukumbi ambao asubuhi uko mtupu. Toeni ukumbi, toeni mwalimu mmoja, na muwaite wazazi waje mara moja kwa wiki kukaa na watoto wao wacheze pamoja. Mzazi akimwona mtoto wake akipanga vizibo vya chupa kwa rangi, anamwona kwa macho mengine.

Na sisi relais, tulipeni kitu. Simaanishi fulana na kofia za kampeni. Tunajua ni nyumba gani mtoto hajachanjwa, ni baba gani amepoteza kazi na ameanza kupiga, ni msichana gani wa miaka kumi na saba amejifungua na hana mama wa kumwonyesha namna ya kumshika mtoto anaponyonya. Kwenye mtaa wangu tulianza kukusanya akina mama wachanga kama huyo pamoja na akina mama wazima, kwenye uwanja wa nyumba ya mmoja wetu, alasiri. Hakuna anayehubiri. Mmoja anasema mtoto wangu halali usiku, mwingine anasema wangu alikuwa hivyo hivyo, tulifanya hivi. Msichana aliyekuja mara ya kwanza akiwa ameinamisha macho, sasa ndiye anayeeleza wengine namna ya kumcheulisha mtoto. Mikutano hiyo inahitaji mkeka, chai, na mtu wa afya anayepita mara moja kwa mwezi kurekebisha tunapokosea. Burugumesta yeyote anaweza kuilipa bila kuandikia Kinshasa.

Najua jibu linalokuja: pesa hakuna. Waheshimiwa, sheria ya madini ilirekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Inasema kwamba katika mrabaha wa madini jimbo linapata asilimia 25, na mamlaka za mahali madini yanapochimbwa zinapata asilimia 15. Asilimia 10 inakwenda kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo kila kampuni inatenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Malori ya shaba na kobalti yanapita barabara ya Kasumbalesa usiku na mchana, tunayahesabu tukiwa tumekaa. Vizazi vijavyo vimekwisha kuzaliwa, na kila mwezi vinaletwa kwenye mizani. Kwenye bajeti ya jimbo na za komini za mwaka ujao nataka kuona mstari wenye jina lake: msaada kwa wazazi wa watoto walio chini ya miaka sita. Kiasi mtaamua ninyi, lakini kiandikwe, na kila mwisho wa mwaka tuambiwe kimetumika wapi.

Naomba mnijibu kwa maandishi, na jibu hilo libandikwe kwenye ukuta wa kila komini na kwenye kila kituo cha afya kinachopima watoto. Liandikwe kwa Kiswahili, maana wengi wa wazazi ninaowasemea hawasomi Kifaransa, na mara nyingi makaratasi yenu yamewapita juu ya kichwa. Kikao cha kwanza cha kuzungumza haya kikipangwa, tutakuja, akina mama na akina baba. Watoto wetu tutakuja nao, kwa sababu hatuna wa kuwaachia.

Kwa heshima,

Mama, nkambo na mjumbe wa afya, Komini ya Katuba, Lubumbashi